Mzee Nyangate Hakuvuka Mlango

Ikonge,
Jumapili, 11 Mei 2025

Mwanangu Maureen,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Baba yako bado mgongo unamsumbua, mdomo ndio hauna shida. Ng'ombe amezaa, na ni dume tena. Majani chai yamechipuka kwa mvua hii mpaka mikono haitoshi, na wewe uko huko umekaa kwenye kiti. Barua hii anakuletea Obwocha anayepeleka ndizi jikoni mwa shule yenu, na yeye ndiye atakayechukua jibu, kwa hiyo usimweke langoni. Naandika Kiswahili kwa sababu uliniambia mwalimu wa zamu anafungua barua zenu na Ekegusii hasikii. Mwalimu, salamu kwako pia.

Sasa jambo lenyewe. Ndoa ya dada yako Valentine imekwama.

Jumapili iliyopita watu wa mchumba wake Ochoki walikuja kutoka Keumbu kuzungumza. Unamjua baba yako akitaka kujionyesha. Alinunua kapeti, jekundu, la ukuta hadi ukuta, akasimama mlangoni kama askari akiambia kila mgeni avue viatu. Wakavua, wakaingia. Isipokuwa mmoja. Mzee Nyangate, baba mkubwa wa Ochoki na ndiye msemaji wao, alifika mlangoni, akatazama ndani, akasema, "Mimi nitakaa hapa nje." Tukambembeleza wee! Akakataa. Akala barazani peke yake kama mtu aliyefiwa. Hata chai tulimpelekea huko, akairudisha kwa kuwa ina sukari.

Walipoondoka, wazee wetu wakatazamana. Wewe umelelewa mabwenini, acha nikukumbushe. Watu wenye chinsoni, ile heshima ya baba na mwana, hawaingiliani nyumba. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na ndugu za baba katika ukoo pia hawaingii. Sasa mzee anakataaje kuingia kwa baba yako Machogu? Ni kwamba anajua yeye ni baba kwa Machogu. Sisi na wao ni ukoo mmoja, na ukoo mmoja hauoani. Kama kuna chinsoni, mtu haingii. Hakuingia. Basi chinsoni ipo. Hata mtoto anaona.

Valentine mwenyewe hasemi neno. Anaenda zahanati kazini, anarudi, anakula, analala. Mtu asiye na la kuficha angelia au angegombana. Huyu kuna kitu anajua.

Soma kwa bidii. Ukifaulu mtihani wa moko, ule wa majaribio, mwezi wa saba, nitakuchinjia kuku.

Shangazi yako,
Roselyne

*

Nyacheki,
25 Mei 2025

Shangazi,

Mimi niko sawa, ila maharagwe ya huku yana wadudu wengi kuliko maharagwe, na maji ya kuoga yanatoka kwa barafu nadhani. Rafiki yangu Firdaus anakusalimu. Ni yule wa Keumbu ambaye mama yake alikupa kitambaa siku ya kufungua shule. Pole kwa ndama dume.

Shangazi, hata mtoto anaona? Mimi ndiye mtoto na sioni! Mzee amekataa kuingia nyumba, mkavunja ndoa? Watu wana sababu mia za kukaa nje. Labda alikuwa anasikia joto. Labda hampendi baba. Sisi wenyewe tunaoishi naye kuna siku tunakaa nje.

Wiki hii mwalimu wa hesabu alitupa fumbo, na darasa zima lilianguka isipokuwa watu wawili watatu. Nakupa wewe. Kuna kadi nne mezani. Kila kadi ina mnyama upande mmoja na rangi upande wa pili. Kuna sheria: kama upande mmoja ni ng'ombe, upande wa pili ni nyekundu. Kadi unazoziona ni ng'ombe, mbuzi, nyekundu, na kijani. Utageuza kadi zipi, hizo tu na si zaidi, ili ujue kama sheria imevunjwa? Usimuulize baba. Fikiria, unijibu.

Na mbona Valentine haniandikii? Nimemwandikia, nikarudia, kimya. Unamjua, akikasirika hunyamaza. Basi amenikasirikia, na najua ni kwa nini. Krismasi nilisema Ochoki ana masikio ya kushikia sufuria. Mwambie nilikuwa natania.

Kuhusu kuku, umeniongezea mzigo tu. Kwa hiyo nikifeli hakuna kuku. Sawa. Nimesikia.

Wako,
Maureen

*

Ikonge,
8 Juni 2025

Maureen,

Tu wazima, tunashukuru. Barua imechelewa kwa sababu gari la Obwocha lilikatika breki, na yeye badala ya kutafuta fundi akatafuta mtu wa kumlalamikia, akanipata mimi. Baba yako ameanza kulala kifudifudi. Ng'ombe anatoa maziwa vizuri.

Fumbo lako nimelijibu nikichuma chai, wala halikunichukua muda. Unageuza ng'ombe na unageuza nyekundu. Sheria inasema ng'ombe na nyekundu, si ndiyo? Basi unaangalia ng'ombe na unaangalia nyekundu. Hicho kijani cha nini? Ng'ombe wa kijani umemwona wapi? Ada tunalipa watu wafundishe watoto rangi za ng'ombe.

Turudi kwa mambo ya maana. Wazee wamekaa siku nzima wakihesabu mababu zetu na mababu za akina Nyangate. Hawajakutana popote. Nikasema basi, si tumejua hakuna undugu? Baba yako akasema hapana, ina maana hatujafika mbali vya kutosha. Tukiendelea kutafuta tutapata. Hata mimi hapo nilimtazama. Lakini mzee hakuingia, Maureen. Hilo huwezi kulifuta. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akikataa.

Valentine nimemuuliza tena. Amesema, "Shangazi, niache." Mimi niliyemlea tangu mama yenu alipolala! Nimemwacha, lakini moyo unanichoma. Usiku wa juzi nilimsikia akilia na asubuhi akasema ni mafua.

Kwa masikio ya Ochoki sijamwambia lolote, jitetee mwenyewe.

Shangazi

*

Nyacheki,
15 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu zote nimezipata, zangu ziko palepale, niruke nifike kwa jambo kabla sijapasuka.

UMEKOSEA. Usikasirike, karibu wote walikosea hivyohivyo, hata mimi mara ya kwanza. Geuza nyekundu. Umekuta nyuma kuna mbuzi. Sheria imevunjwa? Hapana! Nani alisema mbuzi asiwe na nyekundu? Sheria ilizungumzia ng'ombe. Lakini geuza kijani, ukute ng'ombe nyuma. Hapo ndipo sheria imevunjika. Ni ng'ombe na kijani, shangazi. Nyekundu haikuambii chochote.

Najua utasema hakuna ng'ombe wa kijani. Basi niache ng'ombe. Wewe ni Msabato, nikupe la Sabato. Tuseme mchungaji amekutuma uchunguze sheria moja: mtu akiwa Msabato, hachumi chai Jumamosi. Mbele yako kuna watu wanne. Wa kwanza unajua ni Msabato, lakini hujui Jumamosi alifanya nini. Wa pili unajua ni Mkatoliki. Wa tatu unajua alichuma Jumamosi, hujui dini yake. Wa nne unajua alipumzika Jumamosi, hujui dini yake. Utawauliza maswali watu wepi?

Jibu haraka. Nimechoka kubishana kwa barua. Ningekuwa na simu ningekupigia mpaka usikie.

Valentine bado kimya. Sawa. Kama amenikasirikia hivyo, mimi likizo fupi ya hafu-tamu siji. Nitabaki shule nisome.

Maureen

*

Ikonge,
29 Juni 2025

Maureen,

Wenzako wamekuja hafu-tamu, wewe ukabaki, eti unasoma. Nilikuwa nimekupikia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Baba yako amekula zote na kusema hajashiba.

Swali lako la Sabato si swali, hilo ni mchezo wa watoto. Nitamuuliza Msabato alikuwa wapi Jumamosi, na nitamuuliza aliyechuma ni wa kanisa gani. Huyo Mkatoliki ana shida gani? Achume mpaka mikono iote sugu. Na aliyepumzika, nimuulize nini? Mtu amepumzika! Anaweza kuwa Msabato, anaweza kuwa Mkatoliki, anaweza kuwa mvivu, anaweza kuwa mvua ilinyesha. Kupumzika hakumwambii mtu dini yako.

Niliandika hapo nikasimama. Nikaenda nje, nikarudi.

Sasa utasema ni fumbo lilelile la ng'ombe. Si lilelile! Hili lina watu ninaowajua. Najua kabisa ni nani anaweza kujificha kwenye majani ya chai Sabato mchana, wala sitataja jina kwa sababu mwalimu anasoma. Lile la kadi ni hewa tupu. Mtu akipewa hewa atashika nini?

Na najua pia unataka nifike wapi. Mzee Nyangate ni yule aliyepumzika Jumamosi. Kutoingia kwake hakutuambii ni baba yetu. Nimesikia. Nimeelewa hata. Lakini nikimweleza Machogu ananiuliza, "Kama si chinsoni, ni nini basi?" Mimi sina jibu. Na mtu asiye na jibu, wanaume wa boma hili hawamsikilizi.

Wakati unaisha, mwanangu. Wamekata shauri. Jumapili ya tarehe kumi na tatu Julai watamtuma esigani, yule mjumbe wa posa, aende Keumbu akaseme maneno yamekwisha. Ochoki amekuja mara nyingi kusimama kule barabarani, Valentine anatoka, wanasimama bila kusema, anarudi. Amekonda. Ninamwonea huruma mpaka nashindwa kumfokea, na unajua hilo si kawaida yangu.

Nipe jibu, Maureen. Wewe ndiye mwenye masomo.

Shangazi

*

Nyacheki,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Shangazi,

Salamu baadaye. Nimembembeleza Obwocha angoje hapa jikoni niandike.

Jana usiku nilikuwa namwambia Firdaus habari za kapeti na mzee. Akaniuliza, "Mzee gani? Nyangate wa ndizi?" Shangazi, huyo mzee ndiye anayewauzia ndizi nyumbani kwao! Miaka yote alikuwa anaingia, anakunywa chai na baba yake, Farah. Sasa mwaka huu haingii tena. Anaacha ndizi mlangoni. Wanamkaribisha, anakataa. Na kwao pia, mtu akiingia anavua viatu.

Sasa waulize wazee wetu: akina Farah nao ni ukoo wetu? Walitoka Garissa, wakazaliwa baba mmoja na Machogu wa Ikonge? Nani alioa wapi?

Sijui sababu ya mzee ni nini. Lakini hiyo yao ya chinsoni haiwezi kusimama. Nenda Keumbu, shangazi. Nenda wewe, usimtume mtu. Mama yake Firdaus anaitwa Asli, ana duka la vitambaa. Nenda kabla ya tarehe kumi na tatu.

Na Valentine akitaka kuendelea kunikasirikia, aendelee, ila aolewe.

Maureen

*

Ikonge,
Jumapili, 20 Julai 2025

Mwanangu Maureen,

Nyumba nzima inakusalimu, na safari hii nyumba nzima inajua kwa nini. Baba yako mgongo umepona kwa sababu alilazimika kubeba kitu kizito, nitakueleza. Mwalimu wa zamu, haya yafuatayo nimepewa ruhusa nimwambie Maureen peke yake. Ukisoma, yaishie kwako.

Nilienda Keumbu siku ileile barua yako ilipofika. Asli alinipokea vizuri, nikavua viatu, nikaketi, nikauliza. Yule mama akashika kichwa. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anajiuliza wamemkosea nini mzee. Mtu aliyekosewa hukataa kuingia, mzee amekataa kuingia, basi wamemkosea. Alikuwa amefikia hatua ya kumtumia kilo ya tende kuomba msamaha. Mzee alikuwa amezirudisha! Nikajisemea, kumbe ugonjwa huu si wa Wagusii peke yetu.

Nikatoka hapo nikaenda hadi nyumbani kwa mzee, nyuma ya soko. Sikubisha hodi mara mbili, unanijua. Mzee Nyangate ameketi kwenye benchi, mguu wa kulia juu ya beseni. Na aliyepiga magoti mbele yake, na sare yake ya kazi, mkasi na bandeji mkononi, ni Valentine.

Ni sukari, Maureen. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda chini ya kidole gumba ambacho sitakueleza ukiwa na maharagwe mbele yako. Ndugu zake hawajui. Ochoki hakujua. Alianza kwenda zahanati kwa siri mwezi wa kwanza, na nesi aliyempata ni dada yako. Kila baada ya kazi anapitia hapo kumfunga.

Mzee akanitazama, akasema, "Mama, ningevua kiatu juu ya kapeti lile, harufu ingeketi kabla yangu. Nikaona heri mnione nina kiburi." Akasema pia esigani wetu angeuliza ukoo wao una magonjwa gani, na yeye angekuwa ndiye jibu. Alidhani akikaa nje anaiokoa ndoa ya mtoto wake. Hakujua ndiyo anaiua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Tulikaa kwetu tukihesabu mababu.

Nikamgeukia Valentine. Nilikuwa na hasira, nakwambia ukweli. Nikamwambia, "Na wewe ukanyamaza, ndoa yako inakufa mbele yako?" Hakuinua kichwa. Akamalizia kufunga bandeji, akasema, "Ni mgonjwa wangu, shangazi. Kidonda ni chake, si changu kutangaza."

Nililia palepale. Mimi niliyekuandikia kwamba mtu asiye na la kuficha hanyamazi. Alikuwa na la kuficha, ndiyo, lakini halikuwa lake.

Na wewe je, msomi? Akikasirika hunyamaza, amenyamaza, basi amekasirika. Ni wewe uliyeandika hivyo, karatasi ninayo! Ukaacha ugali wangu wa wimbi kwa hasira ambayo haikuwepo. Dada yako anasema kila akishika kalamu kukuandikia, anajikuta anaandika habari za mguu, anachana. Masikio ya Ochoki hata hayakumbuki. Kwa kadi za ng'ombe unatufundisha wote, kwa dada yako ukageuza nyekundu kama mimi.

Wazee sikuwaambia habari za mguu. Mzee aliniomba, na nilikuwa nimejifunza kwa Valentine. Nilimwambia Machogu jambo moja tu: ondoa kapeti. Akapiga kelele. Akataja bei. Nikamwambia ama kapeti litoke ama mimi nitoke, na chai ichumwe na kapeti. Akalikunja, akalibeba hadi ghala la mahindi, na ndipo mgongo ukapona, au ukashindwa kulalamika.

Esigani alienda Keumbu tarehe kumi na tatu kama walivyopanga, ila alienda kuwaalika tena. Jana baada ya ibada, jua likitua, walifika. Mzee Nyangate akaja mpaka mlangoni. Akasimama. Valentine akaweka mkono mdomoni. Mzee akatazama chini, akaona sakafu tupu ya saruji na viatu vya kila mtu miguuni. Akanitazama mimi. Akavuka.

Wazee wetu wakaanza kunong'onezana: mwenye chinsoni haingii, huyu ameingia, basi hana chinsoni. Nilitaka kuwakatiza kwa mazoea, nikatulia nikalipima kama ulivyonifundisha. Na safari hii, mwanangu, wako sawa. Nimelirudia kichwani usiku kucha na wako sawa. Ila nilipouliza mbona sasa wako sawa na mwezi wa tano walikosea, hakuna aliyejua tofauti. Walisema ni lilelile.

Ndoa ni Desemba. Ochoki sasa ameambiwa na mzee mwenyewe, na Jumatano anampeleka hospitali kubwa, Valentine ataenda nao. Kidole huenda kikakatwa. Mguu wanasema utabaki. Chai yangu mzee aliinywa, bila sukari.

Sasa jambo la mwisho, halafu Obwocha aondoke. Valentine ananiambia umemwandikia kwamba moko haukukuendea vizuri na kwamba unaogopa kuja likizo kwa sababu shangazi alisema ukifeli hakuna kuku. Maureen! Nilisema hivyo wapi? Kaitafute barua yangu ya Mei uisome kama unavyosoma kadi zako. Niliandika ukifaulu nitachinja. Juu ya kufeli sikuandika neno hata moja. Wewe ndiye uliyeligeuza.

Kuku ni yule mwekundu. Nimeshamfungia. Hajui matokeo yako na mimi sitamwambia. Njoo nyumbani, na usivue viatu.

Shangazi yako,
Roselyne